Busisi, kivuko na chupa ya damu

Kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kuzinduliwa Juni 2025, mgonjwa wa Sengerema aliyepewa rufaa ya Hospitali ya Bugando alisubiri kivuko Busisi, akavuka Ziwa Victoria hadi Kigongo, ndipo akashika njia ya Mwanza. Historia ya mahali hapa huandikwa kwa foleni za magari; naona iandikwe pia kwa chupa ya damu ya mgonjwa huyo, inayopelekwa kupimwa vijidudu. Katika maabara, vijidudu vya damu hiyo huoteshwa kwenye sahani, juu yake huwekwa vipande vya karatasi vilivyoloweshwa dawa, kisha duara tupu linalozunguka kila kipande hupimwa kwa rula. Duara likiwa dogo mno, dawa imeshindwa.

Wapo wasemao nchi maskini inunue dawa kwanza, upimaji wa namna hii ungoje. Hoja ina uzito, lakini utafiti wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa 2007 unaijibu: kati ya watoto waliolazwa, maambukizi ya damu ya bakteria wa kundi liitwalo Gram hasi yaliua asilimia 43.5 ya walioambukizwa, malaria asilimia 20.2. Tena kupewa dawa iliyokwisha kuzoeleka na vijidudu kuliongeza hatari ya kifo. Dawa ipi inunuliwe, basi, bila kupima? Daraja limefanya kuvuka kuwe kwa dakika chache. Majibu ya chupa ile bado huchukua siku, na huko ndiko fedha zielekezwe.