Hospitali ya Karibu Haikutosha

Mwaka 1979 jarida la Archives of Surgery la Marekani lilichapisha matokeo ya utafiti uliozusha mjadala mkali kusini mwa California. Watafiti watatu, John West, Donald Trunkey na Robert Lim, walipitia mafaili ya watu waliokufa kwa ajali za magari baada ya kufikishwa hospitalini: 90 wa Kaunti ya Orange na 92 wa San Francisco. Kila faili waliliuliza swali lilelile: je, huyu angeweza kupona?

Kaunti hizo zilikuwa na taratibu tofauti. San Francisco, majeruhi wote walipelekwa hospitali moja iliyokuwa na madaktari wa upasuaji usiku na mchana. Orange, gari la wagonjwa lilikimbilia hospitali yoyote iliyokuwa karibu, na hospitali zilikuwa nyingi. Mtu angedhani Orange ndiko kwenye nafuu.

Mafaili yalisema vingine. Kati ya marehemu wa Orange ambao hawakufa kwa jeraha la ubongo au uti wa mgongo, takriban theluthi mbili walihesabiwa kuwa wangeweza kuokolewa. Kwa walioumia ubongo na uti wa mgongo, ilikuwa theluthi moja. San Francisco alipatikana mmoja tu. Isitoshe, wa Orange walikuwa na umri mdogo zaidi kwa wastani, na majeraha yao hayakuwa mabaya kama ya wenzao.

Madaktari wa upasuaji walijua kwa nini. Wengu ukipasuka, damu humwagikia tumboni bila kuonekana. Majeruhi bado anaongea, pengine anaomba maji, huku presha ikishuka. Anahitaji kisu na damu ya kuongezewa, tena upesi. Akifikishwa usiku kwenye hospitali ambayo daktari wake wa upasuaji amelala nyumbani, ukaribu wa hospitali hiyo haumfai kitu.

Wakosoaji hawakukosa la kusema: watafiti wenyewe ndio waliotoa hukumu, na Trunkey na Lim walikuwa watu wa San Francisco. Hata hivyo, mwaka 1980 Orange iliteua hospitali chache kuwa vituo vya majeraha na kuagiza majeruhi mahututi wapelekwe huko. Mafaili yalipopitiwa tena, vifo vilivyoweza kuzuilika vilikuwa vimepungua.

Huduma ya dharura kwa majeruhi ilikuwa imetoka mbali. Ripoti ya Chuo cha Taifa cha Sayansi ya mwaka 1966 ilieleza kuwa ajali za mwaka uliotangulia ziliua watu 107,000 nchini Marekani, na kwamba karibu nusu ya huduma za kubeba wagonjwa ziliendeshwa na watu wa biashara ya mazishi. Sababu ilikuwa gari: la kubebea maiti lilitosha kumlaza mtu kwenye machela. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Usalama wa Barabara Kuu, na majimbo yakaanza kupata fedha za kuboresha huduma ya dharura.

Illinois ilianza mapema, mwaka 1971, kwa kupanga vituo vya majeraha vya jimbo zima. Maryland ilikuwa na R Adams Cowley, daktari wa Baltimore aliyeeneza dhana ya “saa moja ya dhahabu” baada ya kuumia, yaani muda ambao tiba ya haraka inaweza kuokoa maisha. Mwaka 1970 helikopta za polisi wa jimbo zilianza kumletea majeruhi, na mwaka 1973 Gavana Marvin Mandel aliipa kazi yake taasisi kwa amri ya serikali.

California ilipita njia ya sheria. Sheria yake ya mwaka 1983 haikuilazimisha kaunti yoyote kuwa na mfumo wa majeraha. Lakini iliyoutaka ilitakiwa kuwasilisha mpango kwa mamlaka ya jimbo ya huduma za dharura na kutimiza viwango vilivyowekwa. Hospitali ambayo haikuteuliwa ilikatazwa kujitangaza kuwa kituo cha majeraha. Katazo hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu kuteua hospitali moja ni kuruhusu gari la wagonjwa liipite nyingine, na inayopitwa hupoteza mgonjwa na malipo yake.

Majimbo mengi yalijikongoja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1988 ulikuta majimbo mawili tu, Maryland na Virginia, yakiwa na vipengele vyote vya mfumo wa majeraha vilivyoonekana vya lazima. Mwaka 1990 Bunge la taifa lilipitisha sheria ya kuyasaidia majimbo kupanga mifumo hiyo, lakini kufikia mwaka 1995 fedha zake zilikuwa zimekatika.

Tathmini nayo ilihitaji subira. Utafiti wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa mfumo huchukua karibu miaka 10 kabla ya vifo vya barabarani kuanza kupungua kwa sababu yake. Mwaka 2006 New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti mwingine: waliotibiwa katika vituo vya majeraha walikuwa na hatari ya kufa ndani ya mwaka mmoja iliyopungua kwa asilimia 25, wakilinganishwa na waliotibiwa kwingine.

Gharama ndiyo iliyovuruga mipango. Kaunti ya Los Angeles ilizindua mtandao wake wa vituo vya majeraha mwaka 1983, na kabla ya mwongo kwisha hospitali kadhaa zilikuwa zimejitoa. Majeruhi wengi hawakuwa na bima, na timu ya upasuaji hulipwa hata usiku ambao hakuna anayeletwa. Novemba 2002 wakazi wa kaunti hiyo waliulizwa kama wako tayari kulipa kodi mpya ya majengo kwa ajili ya vituo vya majeraha na huduma za dharura. Pendekezo lilihitaji theluthi mbili ya kura, na likapita.