Nani Anawahesabu Wafungwa?
Habari za kazi ya mkaguzi wa magereza



Kwa miaka mingi, hapa Bagira, tuliwaona akina mama wakitoka Misa ya asubuhi na kushika njia ya mjini, kila mmoja na sahani yake iliyofungwa kitambaa. Ndani mlikuwa na bukari na sombe, pengine na sambaza kidogo za ziwa letu. Hawakuwa wakienda harusini. Walikuwa wakienda kwenye gereza kuu la Bukavu, kwa maana huko mwenye ndugu alikula, na asiye na ndugu alingojea huruma ya mwenzake.

Mama huyo tunamfahamu wote, naye tumsifu. Lakini kuna mtu mwingine anayepaswa kupita mlango ule ule, na habari zake ni wachache wanaozijua. Yeye habebi sahani. Anabeba kalamu na daftari. Anauliza: Mko wangapi humu? Huyu ameletwa lini, na kwa hati gani? Yule mgonjwa ameonwa na nani? Mtu huyo ndiye mkaguzi wa magereza. Tunataka kueleza leo kazi hiyo ilitoka wapi, na kwa nini gereza lisilo naye huwa kaburi la watu walio hai.

Mwenye shamba aliyepanda farasi

Zamani, katika nchi nyingi za Ulaya, mlinzi wa gereza hakulipwa mshahara. Alijilipa mwenyewe kwa kuwatoza wafungwa: ada ya kuingia, ada ya kitanda, hata ada ya kutoka.

Mwaka 1773, mwenye shamba mmoja wa Uingereza, jina lake John Howard, alifanywa sherifu wa jimbo la Bedford. Waliomtangulia katika cheo hicho waliwaachia watu wadogo habari za magereza. Howard alikwenda mwenyewe. Akakuta jambo lililomchoma moyo: watu ambao baraza limekwisha kuwaona hawana hatia walikuwa bado ndani, kwa sababu hawakuwa na fedha za kumlipa mlinzi ili awafungulie. Akawaomba wakubwa wa jimbo wampe mlinzi mshahara. Wakamjibu: Tuonyeshe kwanza jimbo lingine linalofanya hivyo.

Basi Howard akapanda farasi, akaenda kutafuta. Hakupata jimbo la mfano. Alipata ubaya ule ule kila mahali. Lakini hakurudi mikono mitupu, maana kila alipofika aliandika: chumba kina upana gani, maji yako wapi, wafungwa ni wangapi, wanakula nini. Mwaka 1774 Bunge la Uingereza lilimsikiliza, likatoa sheria mbili: moja ya kuondoa ada ya kutoka, na moja ya kulinda afya ya wafungwa. Mwaka 1777 akatoa kitabu kikubwa juu ya hali ya magereza. Hakupumzika. Alisafiri nchi nyingi za Ulaya, mpaka homa ikamwua Kherson, nchi ya mbali, mwaka 1790, akiwa bado kazini.

Huyu hakuwa Mkatoliki. Lakini tukumbuke jambo moja la ujana wake. Mwaka 1756, alipokuwa baharini akielekea Lisbon, alitekwa na Wafaransa, akalazwa chini na kushindishwa njaa. Alijua gereza linanukaje kabla hajawa mkubwa wa gereza.

Kanisa letu nalo lina watu wake waliopita milango hiyo. Mtakatifu Visenti wa Paulo alikabidhiwa mwaka 1619 roho za wafungwa waliofungwa minyororo kwenye makasia ya merikebu za mfalme wa Ufaransa. Mtakatifu Yosefu Cafasso, padre wa Torino, aliwasindikiza waliohukumiwa kufa mpaka kwenye kitanzi. Baba Mtakatifu Pius XII alimtangaza mtakatifu mwaka 1947. Lakini tusichanganye kazi hizi mbili. Padre huingia kumfariji mfungwa na kumpatanisha na Mungu. Mkaguzi huingia kuuliza mfungwa amewekwa humo kwa haki gani. Mfungwa anawahitaji wote wawili.

Waliokaa mbali, na yule aliyepanda chombo chake

Sasa tuje Kongo. Katika siku za mfalme Leopold II, watu walilazimishwa kutafuta mpira porini. Mwanamume akikimbia, mkewe alikamatwa na kufungiwa katika nyumba ya mateka mpaka mpira uletwe. Wanawake wengi walikufa humo kwa njaa. Hawakuwa na kosa. Hakuna baraza lililowahukumu.

Habari hizo zilipofika Ulaya, mwaka 1896 mfalme aliweka kamati ya kuwalinda wenyeji. Wajumbe walikuwa wamisionari sita, Wakatoliki watatu na Waprotestanti watatu. Kwa macho lilikuwa jambo jema. Lakini wajumbe wale walikaa mbali na nchi za mpira, tena mbali wao kwa wao. Walikutana mara chache tu, na nyumba za mateka ziliendelea kujaa. Tunaandika hili kwa huzuni, maana waliokuwamo ni watu wa dini. Hatusemi walikuwa wabaya. Twasema hawakuwapo, na wazee walisema: Asiyekuwapo na lake halipo.

Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilimtuma balozi wake mdogo, Roger Casement, apande mto Kongo akaone. Casement alifanya jambo dogo lenye akili nyingi. Alikataa kusafiri kwa vyombo vya serikali ya Leopold na makampuni yake. Alikodi meli ndogo ya wamisionari wa Marekani. Maana anayepanda chombo cha mwenyeji huona kile tu mwenyeji anachotaka kuonyesha, na habari za kuja kwake hutangulia. Casement alishuka mahali alipotaka, akaongea na watu, akaandika maneno yao. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1904. Leopold akalazimika kutuma tume ya uchunguzi, na tume hiyo nayo, mwaka 1905, ikakiri mengi ya maovu yale. Mwaka 1908 nchi iliondolewa mikononi mwa mfalme.

Mwisho wa Casement ni wa kutafakari. Miaka mingi baadaye alijiunga na waliopigania uhuru wa Ireland, akakamatwa, akanyongwa katika gereza la Pentonville, London, tarehe 3 Agosti 1916. Kabla ya kufa alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Yeye aliyewatazama wafungwa wa Kongo alimaliza siku zake akitazamwa katika tundu la mlango.

Sheria zetu na kazi yenyewe

Mtu asidhani kwamba Kongo haina sheria. Inazo, tena nzuri. Amri ya 17 Septemba 1965 ilipanga magereza ya nchi yote, ikaagiza wanawake watengwe na wanaume. Katiba ya 2006 inasema mtu aliyekamatwa asizidishe saa 48 katika kasho kabla ya kuachwa au kufikishwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria, na kwamba kila aliyefungwa atunzwe kwa namna ya kulinda uhai wake, afya yake na heshima yake. Mwaka 2023 ikatoka sheria mpya ya misingi ya magereza. Na waendesha mashitaka, watu wa parke kama tusemavyo, wamepewa kazi ya kutembelea magereza na makasho.

Lakini sheria iliyo kitabuni ni kama mbegu iliyo ghalani. Lazima mtu aichukue aende nayo shambani. Ndiyo kazi ya mkaguzi.

Mkaguzi mwema hafiki siku zote kwa ahadi. Akiingia, huanza na daftari la gereza. Huhesabu majina, kisha huhesabu vichwa. Hesabu mbili zisipolingana, kuna mtu amepotea au kuna mtu amefichwa. Kisha hutazama tarehe. Mahabusu anaweza kuzuiliwa kwanza kwa siku 15, halafu kwa mwezi, na mwezi tena, lakini kila mara kwa amri mpya. Amri ikikwisha bila nyingine, mtu yule amekaa humo bila haki, hata kama ni mwizi kweli. Baadaye huenda jikoni, afunue sufuria. Hutazama maji, choo, chumba cha wagonjwa, upande wa wanawake na watoto, na chumba cha adhabu ambacho wengi wangependa asikione. Huongea na wafungwa bila askari kusimama karibu. Jioni huandika alichoona. Kisha, na hili ndilo gumu kuliko yote, hurudi baada ya miezi michache kutazama kama kilichoandikwa kimefanywa. Asiporudi, aliyemweleza shida zake anaweza kulipizwa kisasi, na wengine hawatasema tena.

Asiwaonee walinzi. Askari asiyepata mshahara wake kwa wakati hujaribiwa sana kuutafuta kwenye sahani ya mama aliyeleta bukari, kama walinzi wa siku za Howard. Sisi wenyewe tumepata kuona mahali fulani wageni wakiombwa kitu kidogo mlangoni kabla ya kupitishiwa chakula. Mkaguzi wa haki huandika shida ya mfungwa, na shida ya mlinzi pia.

Gharama ya kutohesabu

Tukitaka kujua gereza lisilotazamwa huishia wapi, tutazame Makala, Kinshasa. Gereza lile lilijengwa mwaka 1957 kwa watu 1,500. Mwaka 2024 lilikuwa na zaidi ya 12,000, wengi wao mahabusu ambao hawajahukumiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 wafungwa walijaribu kutoka. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 129. Waliopigwa risasi walikuwa 24. Wengi wa waliosalia walikufa kwa kusongamana na kukosa hewa.

Gereza la Bukavu nalo, lililokusudiwa watu 500 hivi, lilizidiwa mara nyingi kwa miaka mingi. Februari 2025, vita vilipofika katika mji wetu, wafungwa walitoka, na gereza likabaki tupu. Tuwaze vizuri hapa. Wengine walifurahi wakisema: Maskini wamepona. Wengine waliogopa wakisema: Wauaji wamerudi mitaani. Wote wawili walikuwa na sababu. Mlango ukivunjwa hauchagui. Asiye na hatia hutoka bila karatasi ya kumsafisha, na kesho aweza kukamatwa tena. Mwenye hatia hutoka bila kumlipa aliyemdhulumu, na mjane aliyengojea hukumu hubaki na machozi yake. Haki ya hao wote ilipaswa kutafutwa mapema, mtu kwa mtu, jina kwa jina, katika daftari. Mkaguzi anayehesabu vizuri humlinda mfungwa, na humlinda pia aliyeibiwa na aliyefiwa.

Mgeni njoo

Tumalize na mama mmoja wa Afrika yetu. Vera Chirwa alikuwa mwanamke wa kwanza wa Malawi kuwa mwanasheria. Mwaka 1981 yeye na mumewe Orton walikamatwa kwa sababu ya siasa. Mwaka 1983 wakahukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Walikuwa katika gereza moja la Zomba, lakini kwa miaka minane hawakuonana. Mwaka 1992 wanasheria kutoka Uingereza waliruhusiwa kuwatembelea. Siku ile mume na mke waliletwa pamoja, wakaonana uso kwa uso. Baada ya majuma machache Orton alifia gerezani. Bila wageni wale, wangeachana duniani bila kuagana.

Mama Chirwa alifunguliwa mwaka 1993. Mwaka 1996 Tume ya Afrika ya Haki za Watu ilianzisha cheo cha mtu wa kutembelea magereza ya bara letu. Wa kwanza alikuwa Victor Dankwa wa Ghana. Aliyemfuata ni Vera Chirwa, akaifanya kazi hiyo mpaka 2005. Milango aliyoililia kutoka ndani, sasa aliigonga kutoka nje.

Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Vijana wa Bagira mnaosoma sheria, au uuguzi, au kazi ya ukarani, msiidharau kazi hii na ndugu zake: mkubwa wa gereza mwenye huruma, karani anayeandika tarehe bila kukosea, muuguzi asiyemkimbia mgonjwa mwenye upele, hakimu anayeshuka kitini kwenda kuona mahali anapowapeleka watu. Si kazi za heshima ndogo. Kwa kila tarehe iliyoandikwa vizuri kuna mtu atakayerudi nyumbani kwa siku yake.

Nasi wengine, tusio na cheo, tukumbuke kwamba Bwana wetu Yesu Kristu aliweka jambo hili katika maswali ya siku ya mwisho. Hatatuuliza kama mfungwa alikuwa mwema. Atatuuliza kama tulikwenda. Basi mama wa Bagira aliyebeba sahani yake amekwisha kuanza kujibu. Tusimwache aende peke yake. Na tukifika mlangoni, tumwulize kila mtu jina lake, tulishike, turudi nalo.