Mikrobisidi: Kinga Inayokusudiwa Kuwa Mikononi mwa Mwanamke

Mikrobisidi ni dawa ya kinga inayowekwa ukeni au katika njia ya haja kubwa ili kuzuia vimelea vya magonjwa ya zinaa, vikiwemo Virusi vya UKIMWI (VVU), visiingie mwilini wakati wa kujamiiana. Dawa hiyo hutengenezwa kwa namna ya jeli, krimu, kidonge cha ukeni au pete laini inayoachia dawa kidogo kidogo.

Umuhimu wake unatokana na ukubwa wa tatizo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kila siku watu zaidi ya milioni 1 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 hupata maambukizi ya zinaa yanayotibika. Kondomu ikitumika kwa usahihi hukinga vizuri, lakini kwa kawaida matumizi yake huhitaji ridhaa ya mwanamume. Mikrobisidi inalenga kumpa mwanamke kinga anayoweza kuiamua mwenyewe.

Majaribio ya awali

Dawa ya kwanza kupewa matumaini makubwa ilikuwa nonoksinoli-9, iliyokuwa ikitumika kuua mbegu za kiume. Jaribio lililofanyika Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2000, lilionesha kuwa wanawake walioitumia mara nyingi walipata VVU zaidi ya wenzao. Dawa hiyo ilichubua utando wa uke na kuvifungulia virusi njia. Tangu hapo, usalama wa utando huo umekuwa sharti la kwanza kwa kila dawa mpya.

Jeli ya PRO 2000 ilifuata. Jaribio lake liliwashirikisha wanawake 9,385 wa Afrika Kusini, Uganda, Zambia na Tanzania, ambako lilifanyika Mwanza. Matokeo ya Desemba 2009 yalithibitisha kuwa jeli hiyo ni salama lakini haikingi.

Dawa za kupunguza makali ya VVU zatumika kama kinga

Mwelekeo ulibadilika wanasayansi walipoanza kutumia dawa zinazomzuia kirusi kuzaliana. Julai 2010, watafiti wa kituo cha CAPRISA cha Afrika Kusini, wakiongozwa na Quarraisha Abdool Karim na Salim Abdool Karim, walitangaza kuwa jeli yenye asilimia 1 ya tenofoviri ilipunguza maambukizi ya VVU kwa asilimia 39 miongoni mwa wanawake 889 wa KwaZulu-Natal. Ilipunguza pia maambukizi ya virusi vya malengelenge ya sehemu za siri.

Hata hivyo, majaribio mawili makubwa yaliyofuata, VOICE na FACTS 001, hayakuthibitisha mafanikio hayo. Vipimo vya damu katika jaribio la VOICE vilionesha kuwa wengi wa wanawake waliopewa jeli hawakuwa wakiitumia. Ilidhihirika kuwa dawa isiyoendana na maisha ya mtumiaji haiwezi kumkinga, hata ikiwa na nguvu kiasi gani maabara.

Pete ya dapivirini

Ilitengenezwa pia pete ya silikoni yenye miligramu 25 za dapivirini, ambayo mwanamke huiweka mwenyewe ukeni na kuibadilisha kila mwezi. Majaribio mawili yaliyotangazwa Februari 2016 yalionesha kuwa pete hiyo ilipunguza maambukizi ya VVU kwa asilimia 27 katika jaribio la kwanza na asilimia 31 katika la pili. Katika jaribio la kwanza, kinga ilifikia asilimia 56 kwa wanawake wenye umri wa zaidi ya miaka 21, lakini haikuonekana kwa wasichana wa miaka 18 hadi 21, ambao waliitumia kwa kiwango kidogo.

Januari 2021, WHO ilipendekeza pete hiyo iwe chaguo la nyongeza kwa wanawake walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa VVU. Zimbabwe iliiidhinisha mwaka 2021 na Afrika Kusini mwaka 2022.

Mambo ya kuzingatia

Pete ya dapivirini hukinga VVU pekee. Haizuii mimba, kaswende, kisonono wala klamidia. Jeli iliyokusudiwa kuzuia kisonono na klamidia ilishindwa katika hatua ya mwisho ya majaribio mwaka 2022. Hivyo kondomu bado inahitajika hata kwa anayetumia pete.

Wananchi wanakumbushwa kutotumia sabuni, dawa za kusafishia au mitishamba ukeni kwa imani kuwa zinaua vijidudu, kwani zinaweza kuchubua utando na kuongeza hatari ya maambukizi. Mwenye dalili za ugonjwa wa zinaa, au anayehitaji kinga dhidi ya VVU, afike katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu ili apimwe, ashauriwe na kupatiwa huduma pamoja na mwenza wake.