Kihariri na Mikono Mingi: Historia Inayotufunza Kutunga Istilahi

Mfasiri anayekutana na istilahi mpya aghalabu hukimbilia kamusi. Hilo si kosa. Lakini kamusi hutupa maana ya neno, haitupi historia ya kitu kinachotajwa. Mwandishi wa makala haya alijifunza jambo hili kwa aibu. Katika rasimu moja ya istilahi za kompyuta alipendekeza "programu iliyoelimika" liwe jina la mtindo fulani wa kutunga programu, kwa kuwa neno la Kiingereza hutumika pia kwa mtu ajuaye kusoma na kuandika. Mwalimu mmoja akauliza: "Imeelimishwa na nani?" Jibu halikuwamo katika kamusi. Lilikuwamo katika historia, nayo ndiyo tunayokusudia kuieleza hapa kwa ufupi.

Chombo kinachohusika ni kihariri, yaani programu ya kuandikia na kusahihishia matini. Twasema kihariri, wala si mhariri, kwa sababu ngeli hutenga chombo na mtu. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Marekani, Douglas Engelbart alionyesha mbele ya watu wapatao 1,000 mtambo uliobuniwa na yeye na wenzake katika taasisi ya utafiti huko Menlo Park. Akiwa jukwaani, aliitazama katika skrini matini ileile aliyokuwa akiitazama Bill Paxton huko Menlo Park, umbali wa kilomita zipatazo 48, nao wakaizungumzia kana kwamba wameketi meza moja.

Lakini kuitazama matini pamoja ni jambo moja, na kuiandika pamoja ni jingine. Tuchukue mfano. Matini ina neno "tabua". Juma, aliye Dodoma, anaongeza "ki" mwanzoni. Wakati huohuo Asha, aliye Mombasa, anafuta herufi ya tano, yaani "a" ya mwisho. Kwa Asha, badiliko la Juma linapofika, neno huwa "kitabu". Kwa Juma, amri ya kufuta herufi ya tano inakuta neno limekwisha kuwa "kitabua". Inafuta "b", na neno linakuwa "kitaua". Watu wawili wenye nia njema wamebaki na matini mbili, na moja yao ni ya kutisha.

Mwaka 1989 Clarence Ellis na Simon Gibbs, waliokuwa Austin, Texas, walichapisha njia ya kutatua jambo hili: kabla amri iliyotoka mbali haijatekelezwa, hurekebishwa kulingana na yale yaliyokwisha kutendeka. Kwa Juma, "futa ya tano" hugeuzwa kuwa "futa ya saba". Baadaye ilionekana kwamba kanuni yao haikutosha katika hali zote, na watafiti wengine wakaiendeleza. Mwaka 2011 Marc Shapiro na wenzake walieleza kwa utaratibu njia nyingine. Kwa njia hiyo, kila herufi inaweza kupewa kitambulisho chake cha kudumu, hivyo haijulikani kwa nambari ya mahali ilipo. Na mabadiliko, hata yakifika kwa mfuatano tofauti, huishia kwenye matini ileile.

Mpangilio ndio pia uliomshughulisha Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford. Katika makala yake ya mwaka 1984 alitoa hoja kwamba mtunzi wa programu aifikirie kazi yake kuwa ni kumweleza binadamu kile anachotaka kompyuta ifanye. Mfuatano unaomfaa msomaji si lazima uwe ule unaoifaa mashine. Kwa hiyo mtunzi huandika faili moja, maelezo na msimbo vikiwa pamoja. Kutokana na faili hiyo, programu yake iliyoitwa WEAVE ilitoa maandishi ya kusomwa na watu, na nyingine iliyoitwa TANGLE ikatoa msimbo wa kupewa mashine. Mwaka 1986 Knuth alichapisha kitabu kizima ambacho ndicho programu yake ya kupanga chapa, TeX.

Mikondo hii miwili imekutana katika kihariri kiitwacho Emacs, kilichoanzishwa mwaka 1976 katika taasisi ya MIT. Humo umo mfumo wa Org, ulioanzishwa mwaka 2003 na mwanaastronomia Carsten Dominik, unaoruhusu maelezo na msimbo kukaa faili moja. Na ipo nyongeza inayowawezesha watu kadhaa kuhariri faili hiyo kwa pamoja.

Sasa turudi kwenye istilahi. "Programu iliyoelimika" haifai, kwa kuwa anayeelimishwa ni msomaji. Twapendekeza "utunzi wa programu kimaelezo". Kwa WEAVE, "kusuka" kwafaa. Kwa TANGLE, "kutatiza" ni tafsiri sahihi ya neno lakini si ya kazi: mtumishi ofisini atadhani programu imeharibika. Afadhali "kufumua", kwa maana afumuaye mkeka hupata miyaa ile ile, tayari kwa mpangilio mwingine. Vivyo hivyo, "wakati halisi" humfanya mtu aulize wakati wa uongo ni upi. "Uhariri wa pamoja papo kwa papo" hueleza kile anachokiona mtumiaji.

Orodha za istilahi nazo huandikwa na mikono mingi, na mara nyingine marekebisho ya mmoja hufuta herufi njema ya mwenzake. Wasomaji wanaombwa wayapime mapendekezo haya darasani na ofisini, na kutuletea yaliyo bora zaidi, pamoja na sababu zake. Kwani istilahi isiyo na sababu haidumu.