Mudogo Ndiye Alikumbuka Jina la Muti

Wasomi wenzangu wa Fizi na Baraka, tukisikia neno historia, wengi tunafikiri vita na marais. Leo nawaletea historia ya vitabu vya picha vya watoto, juu nayo inapita kando ya ziwa letu.

Mwaka 1968, kule Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama kwenye vibao, kwa rangi za baiskeli. Alikufa 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na jina lake likawa jina la uchoraji wenyewe. Katika uchoraji huo akatokea John Kilaka, aliyezaliwa 1966 upande wa Sumbawanga, mukoa wa Rukwa. Mukoa huo unagusa Tanganyika, ziwa lile lile tunamovua ndagala. Kilaka alizunguka vijijini, akasikiliza wasimulizi, akachora hadithi zao. Wanyama wake wanavaa nguo kama sisi.

Mimi ni mutu wa kilimo, ndiyo maana kitabu kinachonishika ni The Amazing Tree, kilichotoka kwa Kiingereza 2009. Ukame umeingia, wanyama wana njaa. Kuko muti umejaa matunda yaliyoiva, lakini hayaanguki. Sungura anasema: twende tumuulize Kobe. Wakubwa wanamujibu: wewe ni mudogo sana. Wanaenda wao, wanapewa jina la muti, njiani wanalisahau. Wengine wanaenda, ni vile vile. Mwishoni anaenda Sungura. Analikumbuka, matunda yanaanguka, wote wanashiba, pamoja na wale waliomukataa.

Hakuna mahubiri humo. Mutoto anaona mwenyewe kwamba kumutenga mumoja kunaletea wote njaa.

Kwetu hilo si jambo la hadithi tu. Tangu 1996 watu wetu wengi walivuka ziwa, wakaishi kambi za Nyarugusu na Lugufu, mukoa wa Kigoma. Kuanzia 2005 meli zikarudisha wengi Baraka. Watoto waliozaliwa kule wakafika kwa babu zao, na kuna waliowaita wageni. Kule milimani pia, mutoto anaweza kujua kabila la jirani mbele ya kujua jina lake.

Sasa shida ni hii: vitabu vya Kilaka vilitoka kwanza Uswisi, kwa Kijerumani. Mutoto wa Zurich alimujua Sungura huyu mbele ya mutoto wa Baraka. Simulaumu muchoraji. Mwenye pesa za kuchapa ndiye anachagua musomaji. Tanzania walilijua hilo: Muradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, ulinunua sehemu ya nakala za vitabu vya Kiswahili na kuzipeleka shuleni, ili muchapishaji asiogope hasara.

Sisi tuko na nini? Tuko na bibi wanaosimulia kwa Kibembe, Kifuliiru, Kibuyu na Kinyamulenge. Tuko na vijana wanaochora kwenye kuta za maduka. Tuko na simu za kurekodi. Pesa ya kuchapa itachelewa, lakini bibi hawatatungojea. Kila mumoja wetu arekodi hadithi moja likizo hii, na tuanze na ile ya jirani ambaye si wa kabila letu. Nani yuko tayari?