Nyoka wa Nokia, chaji ya mama na bando langu

Wadau, nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi. Kazi haikunizidi wala sikuumwa. Ni gemu. Naona aibu kuandika hivyo, mtu mzima mwenye shahada na kitambulisho cha uandishi wa habari shingoni, lakini huo ndio ukweli.

Niliweka kwenye simu gemu moja la kupanga vitu vya rangi rangi. La bure kabisa. Unapewa roho chache, zikiisha unachagua: subiri, lipa, au tazama tangazo upewe roho nyingine. Kwa kuwa mimi ni bahili wa hela, nikawa natazama matangazo. Kumbe matangazo nayo yanakula bando. Bando nililonunua Jumapili kwa ajili ya wiki nzima likakata Jumanne mchana. Jioni ile mama alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp. Niliuona saa nne usiku, baada ya kununua bando jingine. Nilipoona saa aliyoutuma, mikono ilitetemeka.

Ili mnielewe, inabidi turudi nyuma.

Mwaka 2007 nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Kilosa, na umeme ulikuwa bado haujafika. Alikuwa na Nokia 1100, ile yenye tochi. Kuchaji tulikuwa tunapeleka dukani kwenye jenereta, unalipa, unaacha simu, unaifuata baadaye. Usiku mmoja niliichukua nikajifunika shuka, nikacheza nyoka. Chaji ilikuwa imebaki kijiti kimoja. Nilicheza mpaka simu ikazima, nikairudisha pale pale kimya kimya. Usiku huo huo babu, baba yake mama, alifariki Pangani. Mama alipata habari kesho yake mchana, simu ilipotoka kuchajiwa. Alifika Pangani babu ameshazikwa.

Hakunichapa. Hakuniuliza hata siku moja. Nafikiri alijua.

Kwa miaka mingi nilimchukia yule nyoka. Safari hii, kwa kuwa ni mwandishi wa habari na nina haki ya kuchimba, nikaamua kuchunguza alikotoka.

Nyoka ana ukoo mrefu. Mwaka 1976 kampuni ya Marekani iliyoitwa Gremlin ilitoa Blockade, mashine ya kuchezea kwa sarafu. Wachezaji walikuwa wanaendesha mistari inayozidi kurefuka, na anayegonga ukuta au mstari ameshindwa. Wazo hilo likazunguka kwenye kompyuta za aina nyingi kwa miaka ishirini. Kisha mhandisi wa Finland, Taneli Armanto, akaliandika upya kwa ajili ya simu ya Nokia 6110, iliyotangazwa mwishoni mwa 1997. Baadaye likaingia kwenye simu baada ya simu, mpaka Nokia 1100 ya mwaka 2003. Simu hiyo ilikuwa na tochi na kibodi kisichoingiza vumbi, maana ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Moja ilikuwa ya mama.

Sasa tazama jambo moja. Mama alipolipia ile simu, biashara iliishia pale. Nikicheza dakika tano au usiku kucha, Nokia haipati hata senti. Nyoka hakuwa na sababu ya kunibakiza. Ukijigonga mchezo umekwisha, unaonyeshwa pointi zako, basi. Hakuna aliyekuambia rudi.

Ndugu zake wa kwenye kompyuta walikuwa hivyo hivyo. Chukua karata za Solitaire, zile ambazo ofisi nyingi za serikali na za binafsi zinazifahamu vizuri kuliko mafaili yake. Ziliandikwa na Wes Cherry, kijana aliyekuwa Microsoft kwa mafunzo kwa vitendo, sisi tungesema yuko field. Karata zenyewe zilichorwa na Susan Kare. Mwaka 1990 zikawekwa ndani ya Windows 3.0, na watu wakajifunzia humo kukokota vitu kwa mausi. Cherry hakulipwa mrabaha wowote. Alikuwa ameweka hata kitufe cha kuficha gemu bosi akipita, akaambiwa akitoe. Labda kingemsaidia yule mfanyakazi wa New York aliyefukuzwa kazi mwaka 2006, baada ya Meya Michael Bloomberg kuona karata kwenye kompyuta yake.

Au chukua Tetris. Alexey Pajitnov aliitunga Moscow mwaka 1984, akiwa mtafiti wa kompyuta katika Chuo cha Sayansi cha Urusi ya Kisovieti. Mashine yake, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha, kwa hiyo matofali yake yalikuwa mabano ya maandishi tu. Mwenzake mmoja kijana, Vadim Gerasimov, akasaidia kuihamishia kwenye kompyuta za IBM, na watu wakaanza kunakiliana kwa diski. Mwaka 1989 ikauzwa pamoja na Game Boy ya Nintendo, ikaenea dunia nzima. Haki zilikuwa mikononi mwa dola, na Pajitnov alianza kupata mrabaha wake mwaka 1996, miaka kumi na miwili baada ya kuitunga.

Kwa hiyo, wadau, hawa jamaa hawakutendewa haki. Nalisema wazi, kwa sababu ni rahisi kuzililia siku za zamani na kusahau waliofanya kazi bila kulipwa. Lakini pesa ya gemu ilipatikana kabla hujacheza.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mwaka 2008 Apple ilifungua duka lake la programu za simu. Mwaka 2009 ikaruhusu hata programu za bure ziuze vitu ndani yake. Mwaka 2012 ikaja Candy Crush Saga: roho tano, na kila roho unayopoteza inarudi baada ya nusu saa, isipokuwa ukilipa. Sasa pesa inapatikana wakati unacheza, na zaidi pale unaposhindwa huku bado unataka kuendelea. Anayetengeneza gemu ana sababu ya kutaka usiondoke.

Wapo waliosita. Dong Nguyen wa Vietnam alitengeneza Flappy Bird, ikapata umaarufu wa ajabu na kumwingizia dola 50,000 kwa siku kutokana na matangazo, kwa maelezo yake mwenyewe. Februari 2014 akaiondoa, akisema imekuwa ulevi. Sijui kama mimi ningeweza. Kwa mshahara wangu huu, mniombee tu.

Sasa nirudi kwenye ule usiku wa 2007. Nyoka simlaumu tena. Hakuniita, nilimfuata mwenyewe chini ya shuka, na kosa lile ni langu. Lakini hili la sasa linaniita. Saa mbili asubuhi, niko kwenye kikao cha chumba cha habari, simu inalia: roho zako zimejaa, njoo. Mtoto wa miaka tisa mwenye simu ya mama yake leo anashindana na watu wazima wanaolipwa kumzuia asilale.

Na ule ujumbe wa mama? Alikuwa ananiuliza kama nimekula, na kama mvua za Dar zimeingia ndani kwangu. Sekunde kumi na nne. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko nilivyocheza lile gemu.

Nilimpigia usiku ule ule. Kwa mara ya kwanza nikamwambia habari ya chaji. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, babu yako alikuwa anacheza bao mpaka chakula kinapoa. Nani angekuchapa?"

Gemu nimelifuta Ijumaa. Jumamosi nikalirudisha. Leo asubuhi nimelifuta tena. Je, mwenzangu, wewe la kwako umelifuta mara ngapi?