Vijana wa Jembe na Msumeno

Asubuhi ya tarehe 15 Septemba 1890, Wajerumani wachache walitaka kutoka mji wa Witu wakakuta lango limefungwa. Kiongozi wao, Andreas Küntzel, alifyatua risasi pale langoni na mlinzi akaanguka. Watu wa mji wakawarukia. Küntzel akauawa, na wengi wa vijana aliokuja nao wakauawa hapohapo. Habari ilipofika Mkonumbi na kwenye mashamba ya jirani, Wajerumani wengine waliokuwa huko nao waliuawa. Waliokufa walipata tisa.

Wengi wao hawakuwa askari wala mabalozi. Walikuwa watu wa kazi za mikono, walioajiriwa kwao Ujerumani waje kukata miti na kupasua mbao katika msitu wa Witu. Walikuwa hawajakaa nchini muda wa kutosha hata kuijua. Kifo chao cha ghafla kiliandikwa Lamu, kikaandikwa Unguja, kikasomwa Berlin na London, na kabla ya miezi miwili kwisha kilikuwa kimeuangamiza mji mzima. Katika nchi hiyohiyo walikuwapo vijana wengine wa kazi, maelfu, waliokufa bila jina lao kuandikwa popote. Ukitaka kuelewa mauaji ya Witu huna budi kuwatazama wote pamoja.

Witu iko kwenye barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu, kaskazini ya delta ya Tana. Kusini yake ni Kau na Kipini, na mto Ozi unaoingia baharini. Hapa kilimo kinafuata bahari. Maji ya chumvi yakijaa pwani, huyasukuma nyuma maji matamu ya mto, nayo hupanda polepole na kuingia mashambani. Mkulima wa mpunga lazima ajue bamvua inaanguka lini, afungue mfereji wakati wake na auzibe kabla maji hayajageuka. Mpunga ukianza kutoa masuke, vijana hukaa vichanjani toka alfajiri hadi magharibi kuamia ndege, na usiku hukesha wakiwafukuza viboko. Kati ya Tana na Ozi ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili mitumbwi ipite bila kuzungukia baharini. Baadaye mafuriko yaliupanua hata mto wenyewe ukahamia huko. Kazi iliyoanzwa kwa majembe ya mikono ikabadilisha njia ya mto mkubwa kuliko yote nchini Kenya. Waliochimba hatujui hata mmoja wao aliitwa nani.

Mji wa Witu ulianzishwa katika miaka ya 1860 na Ahmed bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Nabahani waliotawala Pate. Aliposhindwa na nguvu za Sultani wa Zanzibar alivuka bara, akajenga mji wake ndani ya msitu mnene na kuuzungushia boma. Waliomfuata hawakuwa Wapate peke yao. Miaka hiyohiyo mashamba ya Malindi, Mambrui na bara ya Lamu yalikuwa yakipanuka kwa kasi. Mtama, mahindi na ufuta vilipakiwa majahazini kwenda Unguja na Arabuni, na vyote vililimwa na watumwa, wengi wao vijana waliotolewa pande za Kilwa na Nyasa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia biashara hiyo baharini, lakini mtu aliyekuwa tayari shambani alibaki palepale na jembe lake.

Aliyeweza kutoroka alitoroka. Njia mojawapo ilielekea kaskazini, ikavuka Tana wenye mamba, ikaishia Witu. Simba aliwapokea watoro, akawapa ardhi ya kulima na bunduki za kujilinda. Vijiji vyao vikaota msituni, Jongeni na Pumwani vikiwa miongoni mwa vilivyojulikana zaidi. Witu haikuwa pepo. Watu wake walivamia mashamba ya pwani, na Wapokomo wa mtoni walikuwa na kilio chao dhidi yao. Lakini kwa kijana aliyezoea kulima chini ya bakora, palikuwa mahali ambapo alivuna akala alichovuna.

Mwaka 1885 ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walinunua ardhi kwa Simba, na mwezi wa Mei Ujerumani ikatangaza kuwa Witu iko chini ya himaya yake. Kwa Simba huo ulikuwa ulinzi dhidi ya Zanzibar. Alifariki mwaka 1889, Fumo Bakari akashika utawala. Kisha tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana huko Ulaya: Ujerumani ikapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, nayo ikajiondoa Witu na kuiachia Uingereza. Fumo Bakari hakuulizwa. Marafiki ambao baba zake wa ukoo waliwaamini walikuwa wamemtoa kwa watu wale wale waliomuunga mkono adui yake, Sultani wa Zanzibar.

Küntzel na vijana wake waliingia katika hali hiyo. Walitaka kujenga kiwanda cha kupasua mbao. Fumo Bakari hakuwapa ruhusa, nao wakaanza kazi vivyo hivyo. Wakaitwa mjini, wakatakiwa kusalimisha silaha, na Küntzel akagombana na wenyeji wake kwa maneno makali. Asubuhi iliyofuata ndiyo ile ya lango lililofungwa. Mtawala aliyesalitiwa alimkuta mgeni asiyesikia neno, na vijana waliokuja kutafuta mshahara wakalipa deni la wakubwa wao.

Kwa kuwa Witu sasa ilihesabiwa kuwa chini ya Uingereza, Waingereza ndio walioshika jukumu la kuadhibu. Walidai wauaji wapelekwe mahakamani. Fumo Bakari hakuwatoa. Mwezi wa Oktoba Admeri Edmund Fremantle alifika na manowari, akateremsha mabaharia na askari Kipini, mlangoni mwa mto Ozi. Vikosi vidogo vilitumwa kuchoma Mkonumbi na vijiji vingine. Kikosi kikubwa kilitoka Kipini tarehe 26, na tarehe 27 kikalipua lango la Witu na kuingia. Wenye mji walikuwa wameshaingia msituni. Nyumba zikachomwa, maboma yakabomolewa. Kichwa cha Fumo Bakari kikatangaziwa rupia 10,000. Mabaharia walipewa nishani yenye maandishi ya Witu na mwaka 1890.

Fumo Bakari hakuwahi kukamatwa. Alifariki Januari 1891, na nduguye Fumo Omari akaendeleza mapambano kutoka misitu ya Jongeni. Mwaka 1893 kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikiitawala nchi hiyo ilishindwa na gharama ikajitoa, na mwezi wa Agosti manowari zikarudi tena. Safari hii Jongeni na Pumwani, vijiji vya watoro, vilibomolewa. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Serikali iliyotangaza kwamba inapinga utumwa ilichoma kimbilio la watumwa miaka 14 kabla ya kuufuta utumwa.

Kuwataja wafu wengine kwa majina na wengine kwa ujumla kuliwahi kutokea pia jirani pale. Huko Golbanti, karibu na Garsen ya leo, kanisa la Methodisti lilikuwa limeanzisha kituo miongoni mwa Waoromo, ambao wakati huo waliitwa Wagala. Tarehe 3 Mei 1886 wapiganaji wa Kimaasai walikivamia. Mmishonari John Houghton na mkewe Annie waliuawa, na pamoja nao wenyeji kadhaa. Majina ya Houghton na Annie yameingia katika kila historia ya kanisa hilo. Wenyeji waliokufa nao hutajwa kwa ujumla, kana kwamba walikuwa sehemu ya mahali.

Sioni sababu ya kupunguza huruma kwa Wajerumani wale. Kijana aliyeondoka kwao na msumeno begani, akauawa katika ugomvi asioujua chanzo chake, anastahili kuliliwa. Mama yake alilia kama mama yeyote. Ninachopinga ni mizani. Kwa watu tisa ziliitwa manowari. Kwa mlinzi wa lango, kwa watoro waliokufa wakilinda mashamba yao msituni, kwa waliokufa na majembe mkononi huko Malindi, hakuna aliyedai hesabu, na waandishi waliofuata waliendelea kuhesabu vivyo hivyo. Hata leo ukisoma habari za Witu utapata jina la Küntzel mapema kabisa. Jina la mlinzi aliyepigwa risasi naye hutalipata.

Historia ya delta ya Tana haiwezi kubaki hivyo. Mikataba na taarifa za manowari zimehifadhiwa vizuri na zitaendelea kusomwa. Zisomwe basi kwa kuuliza kila mara nani alikuwa akilima chakula kilicholiwa mjini, nani alichimba mfereji, nani alisimama langoni asubuhi ile. Na waulizwe wazee wa Witu, Kau, Ozi na Golbanti, ambao koo zao ni za Wapokomo, Waoromo, Waswahili na watoro waliobaki. Katika kumbukumbu za nasaba zao huenda yamo majina ambayo hakuna karani aliyeyaandika. Kazi hiyo inawezekana, na wafu hao wanastahili kufanyiwa kama walivyostahili wale tisa.